Sanduku la Maswali ya Fizikia: Mazoezi ya Spini kwa Wanafunzi wa Shahada ya Kwanza

Barua za mwezi huu zimeegemea upande mmoja kiasi kwamba nimeamua kuziweka pamoja. Zote zinahusu spini, ile tabia inayozifanya elektroni, protoni na chembe nyingine ziwe kama sumaku ndogo, na ambayo wanafunzi wa vyuo vikuu hukutana nayo katika somo la fizikia ya kwantamu, na namna ya kuifundisha kwa njia ya maswali ya mazoezi. Barua ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kuliko nyingine, kwa sababu ndiyo iliyonigusa.

Swali: Ndugu Mwalimu, mimi ni mhadhiri msaidizi katika chuo kikuu kimoja, na muhula huu nimekabidhiwa semina za fizikia ya kwantamu za mwaka wa tatu. Mada ya spini imenitoa jasho. Wanafunzi wangu wanazidisha matriksi za Pauli, yale majedwali madogo ya namba tunayotumia kukokotoa spini, bila kosa hata moja, lakini nilipowauliza ni nini kitakachotokea kwa atomu iliyopimwa spini yake ikaonekana iko juu, kisha ikapimwa kwa upande, kisha ikapimwa tena kwa wima, wengi walinijibu kwamba itaonekana juu kwa sababu “tulishajua iko juu”. Mazoezi ninayowapa ni yale yale niliyopewa mimi nilipokuwa mwanafunzi, na majibu yake yamo katika madesa wanayorithishana mwaka hadi mwaka. Nitunge mazoezi ya namna gani? (Mhadhiri msaidizi, Dodoma)

Jibu: Ndugu yangu, ugonjwa huo naufahamu, maana nami niliwahi kuusambaza. Kwa miaka kadhaa zoezi langu la kwanza la spini lilimtaka mwanafunzi azidishe matriksi mbili za Pauli, azizidishe tena kwa mpangilio uliogeuzwa, atoe zao la pili kutoka la kwanza, na aonyeshe kwamba kinachobaki ni matriksi ya tatu ikiwa imezidishwa kwa 2i, i ikiwa ni kipeuo cha pili cha −1. Walionyesha, nikawapa alama, tukaagana tukiwa tumeridhika, na hakuna hata mmoja kati yetu aliyeulizwa atomu imefanya nini. Zoezi lile si baya. Kosa langu lilikuwa kuliweka mlangoni, mahali ambapo mwanafunzi hana bado kitu chochote cha kulishikiza, kwa hiyo akalichukua kama hesabu ya matriksi tu, na hesabu ya matriksi anaiweza tangu mwaka wa kwanza.

Ushauri wangu wote unatokana na jambo moja: zoezi la spini limdai mwanafunzi atabiri kwa maneno yake, katika sentensi kamili, kabla hajaruhusiwa kuandika alama yoyote ya hesabu, na utabiri huo usifutwe hata ukigundulika kuwa na kosa. Mwanafunzi aliyeandika kwamba atomu itaonekana juu, kisha akakokotoa akapata nusu, atalazimika kupatanisha kauli zake mbili zilizo kwenye ukurasa mmoja. Kazi hiyo ya kupatanisha ndiyo unayotaka aifanye nyumbani. Hesabu yenyewe ni ya dakika tano.

Anza na neno lenyewe. Baadhi yetu, tunapoeleza kwa Kiswahili kwenye semina, husema “mzunguko wa elektroni”, na papo hapo mwanafunzi anaona kichwani pia, ile ya kuchezea watoto, ikizunguka. Mimi nimebaki na “spini”, neno lisilochora picha yoyote kichwani, na nadhani katika mada hii huo ni uzuri wake. Lakini kubadilisha neno hakutoshi, kwa hiyo zoezi la kwanza kabisa liwe la kuivunja picha hiyo ya pia. Mwambie mwanafunzi achukulie kwamba elektroni ni tufe lililojaa, lenye nusukipenyo cha mita 2.8 × 10⁻¹⁵, ambacho ndicho kinachoitwa nusukipenyo cha elektroni cha kiklasiki, na kwamba momenta yake ya mzunguko ni ħ/2, ħ ikiwa ni namba thabiti ya Planck iliyogawanywa kwa 2π. Akokotoe kasi ya uso wa tufe hilo pale kwenye ikweta yake. Atapata takriban mita 5 × 10¹⁰ kwa sekunde, yaani zaidi ya mara 170 ya kasi ya nuru. Kisha umuulize: ikiwa elektroni ni ndogo kuliko hapo, kama majaribio yanavyoonyesha, kasi hiyo itaongezeka au itapungua? Itaongezeka. Hapo tufe limekwisha kazi, na amelivunja mwenyewe kwa kalamu yake. Halikuvunjwa na kauli ya mhadhiri.

Zoezi la pili limpeleke kwenye jaribio la Otto Stern na Walther Gerlach, lililofanyika Frankfurt mwaka 1922, na limpeleke akiwa na vipimo mkononi. Wengi wetu tunachora kisanduku ubaoni, tunaandika “SG” juu yake, tunaendelea, na mwanafunzi anadhani kisanduku hicho ni kitu cha kufikirika. Mpe mvuke wa fedha kutoka kwenye tanuri, atomu zikisafiri kwa mita 550 kwa sekunde. Mpe sumaku ya urefu wa sentimita 3.5 ambayo uga wake unabadilika kwa kiasi cha tesla 1,000 kwa kila mita; mpe momenti ya sumaku ya atomu, jouli 9.27 × 10⁻²⁴ kwa tesla, na tungamo la atomu ya fedha, kilogramu 1.8 × 10⁻²⁵. Hii ni hesabu ya mwendo ya kidato cha tano: kani, mchapuko, muda. Atapata kwamba atomu imo ndani ya sumaku kwa mikrosekunde 64 hivi, na kwamba inapotoka imehama kwa milimita 0.1 tu, juu au chini. Mwanafunzi anayeona kwamba fizikia iligeuzwa na umbali usiozidi unene wa unywele huanza kuliheshimu jaribio.

Katika zoezi hilo hilo, kabla ya hesabu, mtake achore alama itakayobaki kwenye kioo ambacho atomu zinatua baada ya sumaku, endapo kila atomu ni sumaku ndogo inayoweza kuelekea upande wowote ule. Achore mchirizi mmoja mnene, uliojaa kutoka juu hadi chini. Kisha achore kinachoonekana kweli: mistari miwili, na uwazi katikati. Sijapata bado zoezi lingine linalomweleza mwanafunzi kwa haraka namna hiyo kwamba kipimo cha spini ya elektroni kina majibu mawili tu, na kwamba jibu la “katikati kidogo” halipo.

Sasa ndipo ufike kwenye lile swali ulilowauliza. Liweke kwa idadi, maana wanafunzi wanaziamini idadi kuliko uwezekano. Atomu 1,000 zimepita kwenye sumaku ya wima na zote zimeonekana juu. Zinaingizwa kwenye sumaku ya pili iliyolazwa ubavu: ngapi zitatoka kulia? Zile zilizotoka kulia, na hizo tu, zinaingizwa kwenye sumaku ya tatu iliyosimama wima kama ya kwanza: ngapi zitaonekana chini? Atakayesema sifuri aandike kwa nini. Jibu ni kwamba 500 hutoka kulia, na kati ya hizo karibu 250 huonekana chini, ingawa kila moja ilipimwa mwanzoni ikaonekana juu. Kipimo cha ubavu hakikuongeza habari juu ya ile ya wima, kimeifuta. Wanafunzi wako waliosema “tulishajua iko juu” walikuwa wakidhani kwamba matokeo ya kipimo ni kama mali iliyowekwa kwenye sanduku, ambayo unaikuta pale ulipoiacha.

Hapa usikimbie. Waalimu wengi, wakishapata robo yao, wanahamia kwenye matriksi, na wanafunzi wanabaki na maelezo ya mkato ambayo ni hatari kuliko kutojua: kwamba sumaku ya pili “imezichanganya” atomu, nusu sasa ni za juu na nusu ni za chini, kama mchele na mchanga kwenye ungo. Zoezi linalofuata lipangwe makusudi kuivunja fikra hiyo. Sumaku ya kwanza inatoa atomu za juu. Ya pili inazigawa kulia na kushoto. Lakini safari hii miale hiyo miwili inaunganishwa tena kwa uangalifu mkubwa, bila chombo chochote kuangalia atomu ipi ilipita wapi, kisha mwale uliounganishwa unaingia kwenye sumaku ya tatu ya wima. Ngapi zitaonekana juu? Mwanafunzi wa mchele na mchanga atasema: waliopita kulia wanatoa nusu juu, waliopita kushoto wanatoa nusu juu, jumla ni nusu. Jibu sahihi ni kwamba zote zitaonekana juu, zote 1,000. Hali ya juu ilikuwa ni jumla ya hali ya kulia na hali ya kushoto, kila moja ikiwa imegawanywa kwa kipeuo cha pili cha 2, na miale ilipoungana jumla hiyo ilirudi ilivyokuwa. Kisha mtake aeleze ni nini kitabadilika endapo mtu ataweka kigunduzi kwenye njia moja tu. Kwa mikono jaribio hili ni gumu mno kulifanya kwa atomu. Kwenye karatasi ni la nusu saa, na tofauti kati ya jumla ya hali na mchanganyiko wa atomu sijui namna ya kuifundisha vizuri zaidi.

Baada ya hapo tu ndipo mwanafunzi apewe matriksi, naye atazipokea kama mtu aliyepewa mkoba baada ya kubeba mizigo mikononi kwa muda mrefu.

Kuna zoezi moja zaidi ambalo nisingependa ulikose, nalo linahusu namba changamano. Mwanafunzi huziona zimeingia kwenye spini ghafla, hajui zilitoka wapi, na anadhani ni hila ya wanahisabati. Mpe data za makundi matano ya atomu, kila kundi limeandaliwa kwa namna yake. Makundi yote matano yanatoa nusu kwa nusu yakipimwa kwa wima, katika mwelekeo z. Kundi la kwanza, likipimwa kwa x, linatoa kulia tu. La pili linatoa kushoto tu. La tatu linatoa nusu kwa nusu katika x lakini katika y linatoa mbele tu. La nne linatoa nyuma tu. La tano linatoa nusu kwa nusu kila upande. (Atakayekuuliza utapimaje katika mwelekeo ambao mwale wenyewe unasafiri, mwambie spini inaweza kuzungushwa kwanza kwa uga sumaku kisha ikapimwa, na mpe alama ya ziada kwa kuuliza.) Kazi ya mwanafunzi ni kuandika hali ya kila kundi kwa kutumia hali ya juu na hali ya chini peke yake. Kulia anaiandika kwa alama ya kujumlisha, kushoto kwa alama ya kutoa. Kisha anakwama. Namba halisi zimemwishia, na bado ana makundi mawili, mbele na nyuma, yasiyo na nafasi. Hapo ndipo i inapoingia, na inaingia kwa sababu inahitajika: mbele ni juu kujumlisha i mara chini, nyuma ni juu kutoa i mara chini, zote zikigawanywa kwa kipeuo cha pili cha 2. Kundi la tano halitaandikika kwa njia yoyote, hata kwa i, kwa sababu huo ndio mchanganyiko wa mchele na mchanga wenyewe. Mwanafunzi atakayeliandika la tano kama vekta amekupa habari muhimu juu ya kile ambacho bado hajakielewa.

Kuhusu madesa, sidhani kama utayashinda kwa kubadilisha namba. Badilisha swali liwe la kusahihisha. Andika jibu la mwanafunzi wa kubuni, lenye hesabu safi na hoja mbovu, kwa mfano: “Hali hii ni nusu juu na nusu chini, kwa hiyo kabla ya kupimwa nusu ya atomu ziko juu na nusu ziko chini, na kipimo kinatuonyesha tu zipi ni zipi.” Muulize msomaji kosa liko sentensi ipi na ni jaribio gani lingelifichua. Toa theluthi moja ya alama kwa utabiri ulioandikwa kabla, uwe sahihi au usiwe sahihi, mradi una sababu. Usahihishaji utakuchukua muda zaidi, hilo siwezi kukuficha. Mimi nilipunguza idadi ya maswali kutoka 8 kwa wiki hadi 3, na sijajuta.

Swali: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu. Katika zoezi la spini tumeambiwa kwamba zao la nukta la hali ya juu na hali ya chini ni sifuri, yaani hali hizo zinakutana kwa pembe mraba. Lakini juu na chini ni pande zinazopingana. Pembe kati yake ni nyuzi 180, si 90. Nilimuuliza mwenzangu akaniambia nikariri tu, nitafaulu. Nimekataa kukariri. (Mwanafunzi, Mbeya)

Jibu: Marahaba, mwanangu, na umefanya vyema kukataa. Tatizo lako ni kwamba kuna mishale ya aina mbili na tunaiita kwa majina yale yale. Mishale ya kwanza iko maabara: huo ndio mwelekeo ambao umeisimamishia sumaku yako, na kati ya juu na chini kweli kuna nyuzi 180. Mishale ya pili iko kwenye karatasi: ni vekta zinazosimama badala ya hali za atomu. Kati ya vekta hizo, zao la nukta haliulizi zinaelekea wapi chumbani. Linauliza hivi: atomu iliyo katika hali hii, kuna uwezekano gani wa kuikuta katika ile? Atomu iliyo juu haionekani kamwe chini ikipimwa kwa wima. Uwezekano ni sifuri, kwa hiyo zao ni sifuri, na sifuri tunaichora kama pembe mraba.

Uhusiano wa mishale hiyo ya aina mbili ni kwamba pembe ya maabara inagawanywa kwa 2 inapofika kwenye karatasi. Ikiwa atomu iko juu na sumaku yako imeinamishwa kwa pembe θ kutoka wima, uwezekano wa kuikuta upande wa sumaku hiyo ni mraba wa kosini ya θ/2. Jiandikie jedwali: kwa nyuzi 0 ni 1, kwa 60 ni robo tatu, kwa 90 ni nusu, kwa 120 ni robo, kwa 180 ni sifuri. Kisha fanya kosa kwa makusudi: tumia mraba wa kosini ya θ nzima. Kwa nyuzi 180 utapata 1, yaani atomu iliyo juu itaonekana chini bila shaka yoyote, na kwa nyuzi 90 utapata sifuri, ilhali umekwisha kuona kwamba sumaku ya ubavu hutoa nusu kwa nusu. Jedwali la pili linajikanusha lenyewe.

Ukitaka kulishika kwa mkono, tafuta miwani ya jua ya polaroidi na kikokotoo chenye kioo cha kawaida cha maji maji. Angalia kioo hicho kupitia lenzi moja, kisha izungushe lenzi taratibu. Kuna mahali kioo kitakuwa cheusi. (Miwani mingi ya barabarani haina uwezo huo hata ikiandikwa hivyo, kwa hiyo jaribu kabla ya kulipa.) Kutoka penye mwanga mwingi hadi penye giza utakuwa umezungusha nyuzi 90. Nuru, basi, hufuata mraba wa kosini ya θ bila kugawanya, na hali zake mbili zisizochanganyika ziko kwenye nyuzi 90 hapo hapo mezani. Spini ya elektroni inahitaji nyuzi 180 ili ifike kwenye giza lake. Ule mgawanyo kwa 2 ndio tofauti yote.

Mgawanyo huo una matokeo mengine ambayo yanafaa kuwa swali la mwisho la mazoezi yenu. Zungusha spini nyuzi 360. Kwenye karatasi umezunguka 180 tu, na vekta imerudi ikiwa na alama ya kutoa mbele yake. Kwa mwale mmoja huwezi kuigundua, kwa sababu uwezekano ni mraba na alama ya kutoa hupotea. Lakini ukiugawa mwale, ukazungusha spini kwenye njia moja tu, kisha ukaziunganisha njia, alama hiyo inajitokeza. Mwaka 1975 makundi mawili ya watafiti yalifanya hivyo kwa neutroni, na ikaonekana kwamba hali hairudi ilivyokuwa mpaka mzunguko ufike nyuzi 720.

Swali: Ndugu Mhariri, nafundisha fizikia kidato cha sita na huwa nawaambia vijana kwamba Stern na Gerlach waligundua spini mwaka 1922. Mwenzangu mmoja aliyemaliza chuo karibuni amenipinga mbele ya wanafunzi. Nani yuko sahihi? (Mwalimu, Tanga)

Jibu: Mwenzako yuko sahihi, ingawa angeweza kusubiri mpaka mwingie ofisini. Stern na Gerlach waliigusa spini bila kujua kwamba ndiyo waliyoigusa. Walikuwa wakiijaribu nadharia ya Bohr na Sommerfeld, iliyodai kwamba njia ya elektroni inayozunguka kiini inaweza kuelekea pande chache tu, na walipoona mistari miwili waliamini nadharia hiyo imethibitika. Mwezi Februari 1922 Gerlach alimpelekea Niels Bohr postikadi yenye picha ya alama hizo, akimpongeza. Stern mwenyewe alisimulia baadaye kwamba mwanzoni hawakuona kitu kwenye kioo mpaka alipokisogeza karibu na uso wake, na kwamba moshi wa sigara zake za bei nafuu, zenye salfa nyingi, ndio ulioigeuza fedha kuwa nyeusi.

Spini ilipendekezwa mwaka 1925 na vijana wawili wa Leiden, Uholanzi, George Uhlenbeck na Samuel Goudsmit, kwa sababu ya mistari ya spektra, yaani mistari ya rangi katika nuru ya atomu, ambayo haikueleweka kwa njia nyingine. Ralph Kronig alikuwa na wazo hilo hilo kabla yao, akalieleza kwa Wolfgang Pauli, akavunjwa moyo asilichapishe. Uhlenbeck na Goudsmit nao walipoambiwa na Hendrik Lorentz kuhusu kasi ile inayopita ya nuru walitaka kuondoa makala yao, lakini mwalimu wao, Paul Ehrenfest, alikuwa amekwisha kuipeleka. Ilichukua hadi 1927 kwa watu kutambua kwamba atomu ya fedha katika hali yake ya nishati ya chini kabisa haina momenta ya njia, yaani ile itokanayo na elektroni kuzunguka kiini, hata kidogo, na kwamba mistari ile miwili ilikuwa ya spini. Mwaka huo huo T. E. Phipps na J. B. Taylor walilirudia jaribio kwa haidrojeni na kupata mistari miwili vile vile.

Kosa hilo la kihistoria ni mali kwako kama mwalimu, kwa hiyo usilifute kimya kimya. Wape vijana swali hili: ikiwa namba ya momenta ya njia ni l, nayo ni 0, 1, 2 na kuendelea, mistari itakayoonekana ni 2l + 1. Je, kuna l inayotoa mistari miwili? Watahesabu 1, 3, 5, 7, na wataona kwamba idadi shufwa haipatikani. Ili upate 2 unahitaji nusu. Hesabu hiyo kijana wa kidato cha sita anaiweza bila kujua matriksi ni nini.

Swali: Nasomea shahada ya ualimu wa sayansi na nimetakiwa kuandaa zoezi moja la spini lenye matumizi anayoyajua mtu wa kawaida. Nimefikiria mashine ya MRI, ile ya hospitali inayopiga picha za ndani ya mwili, lakini sijui nianzie wapi. (Msomaji, Morogoro)

Jibu: Anzia kwenye namba mbili. Protoni zilizo katika maji ya mwili hujibu mawimbi ya redio yenye masafa ya megahezi 42.6 kwa kila tesla ya uga sumaku. Mashine ya tesla 1.5, ambayo ndiyo ya kawaida, inatumia basi megahezi 64 hivi, chini ya mahali redio za FM zinapoanzia, na mashine ya tesla 3 inatumia 128. Mwanafunzi akokotoe hayo, kisha akokotoe tofauti ya nishati kati ya hali ya juu na ya chini kwa tesla 1.5, aigawe kwa nishati ya joto katika nyuzijoto 37, na agawe tena kwa 2. Kabla ya hapo aandike utabiri wake: katika protoni milioni moja, zile zilizoelekea upande wa uga zinazizidi zilizoelekea kinyume kwa ngapi? Wengi wataandika mamia ya maelfu, wakidhani sumaku kubwa namna ile inazipanga protoni kama askari gwarideni. Jibu ni karibu 5. Atakayeuliza picha inawezaje kutoka kwenye protoni 5 katika milioni, mrudishe kwenye gramu moja ya maji, ahesabu protoni za haidrojeni zilizomo, takriban 6.7 × 10²², na azidishe.